Kaseti Nilizozisafisha

Nina kaseti sitini na tatu za bendi moja ambayo haikuwahi kuingia studio. Zote nilizirekodi mwenyewe, ukumbini, kwa redio kaseti niliyokuwa nikienda nayo kila Jumamosi. Hapa Kigoma wenye ugonjwa huu wa kukusanya muziki wa ukumbini tulikuwa wachache, na kwa miaka mingi nilijiona bora kuliko wenzangu wote kwa sababu kaseti zangu zilikuwa safi. Ukisema kaseti safi kwa watu wetu, maana yake ni moja tu: hakuna anayekohoa, hakuna anayemwita mhudumu, hakuna mlevi anayemsaidia mwimbaji kuimba. Ni muziki mtupu. Nilikuwa na kiburi juu ya jambo hilo, na sitaki kujifanya hapa kwamba sikuwa nacho.

Mimi si wa huku. Ni Mnyaturu wa Singida, nililetwa na barua ya uhamisho, idara ya maji, nikiwa kijana ambaye hajaoa. Siku niliposhuka kwenye treni nilijiapiza kwamba nitakaa miaka miwili, kisha nitafute mkubwa wa kumlilia anirudishe kwetu. Sasa nimestaafu na bado niko Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, kwenye nyumba ambayo ukisimama juu ya karo la kufulia unaliona ziwa.

Kilichonizuia mwanzoni ni bendi. Wanamuziki wake walikuwa mchanganyiko, wengine wa Ujiji, wengine wamevuka ziwa kutoka Kongo wakiwa na magitaa waliyoyafunga kwenye maturubai. Usiku ulipokuwa mchanga walipiga rumba za kuwaridhisha wakubwa na wake zao. Ikishapita saa sita, wakubwa wameondoka, mpiga besi alivua viatu akavisukuma chini ya spika, na sisi tuliobaki tukajua kinachofuata. Walianza fanki. Besi ilikwaruza, dramu zikakata, kinanda kikalia huko juu, na mwimbaji hakuwa na maneno zaidi ya mawili, ambayo aliyarudia mpaka shati likamgandia mgongoni. Wimbo mmoja ungeweza kuchukua dakika ishirini. Rumba sikuzitaka. Nilikuwa nasubiri viatu vivuliwe ndipo nibonyeze kitufe.

Mke wangu nilimpata hukohuko ukumbini. Alikuwa fundi cherehani pale Mwanga, Muha wa Kalinzi kule milimani, na alipenda kucheza kuliko mimi, maana mimi nikicheza, redio angeishika nani? Baada ya kuoana tuliendelea kwenda pamoja. Binti yetu alipozaliwa tulimwacha kwa jirani kila Jumamosi, na meza yetu ilikuwa ileile, ya pili kutoka jukwaani, redio katikati, yeye upande wa kulia.

Tatizo lilikuwa salamu zake. Kama hujapata kumwona Muha akisalimu kwa heshima, nikwambie kwamba hasemi tu. Anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, na anayesalimiwa anapiga ya kwake kumjibu, ndipo maneno yafuate. Mke wangu alijuana na nusu ya ukumbi. Kila aliyepita mezani petu alipewa makofi yake, kisha habari za nyumbani, za kahawa, za nani kajifungua na nani kagombana na wifi yake. Yote hayo nusu mkono kutoka kwenye redio yangu. Mimi nikikunja uso, yeye akinicheka.

Jumapili nikitoka kanisani nilikaa chini kusafisha. Nilikuwa na redio ya deki mbili: kaseti ya ukumbini naiweka upande huu, tupu naiweka upande wa pili, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Nilijiwekea kanuni. Makofi yakisikika, ujue wimbo umekwisha na watu wanashangilia, basi simamisha. Muziki ukirudi, achia. Baada ya miezi kadhaa hata sikusikiliza tena maneno ya watu. Nilikuwa nasikiliza makofi tu, na kidole kilishuka chenyewe. Kaseti tupu hazikuwa zinapatikana hovyo siku hizo, kwa hiyo ile ya kwanza, yenye watu ndani yake, niliirudisha ukumbini Jumamosi iliyofuata nikarekodi juu yake.

Mke wangu aliugua siku tisa, akafa. Binti yetu alikuwa hajatimiza miaka minne. Ndugu wa Kalinzi walitaka kumchukua mtoto, nikakataa, nikamlea kwa msaada wa majirani na kwa ukaidi wangu. Mwaka mmoja hivi baadaye bendi ilisambaratika, kila mtu akashika njia yake, na mimi nikabaki na kaseti zangu kwenye sanduku la bati.

Binti yangu sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Mwandiga na tunaishi naye. Mwaka jana alirudi jioni moja kutoka sokoni, akasimama katikati ya sebule na viatu vyake miguuni, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniambia kwamba mama mmoja muuza vitenge alimsikia akiuliza bei, akaweka mita chini, akaanza kulia. Alimwambia, "Sauti hiyo ni ya mama yako. Ni yeye kabisa."

"Ni kweli, baba?" akaniuliza. "Mama alikuwa anaongeaje?"

Nilimtafuta kichwani. Maneno ya mke wangu ninayo mengi, mizaha yake, hata namna alivyonigombeza juu ya matope ya buti za kazini. Lakini yote hunijia kwa sauti yangu mimi. Yake haipo. Nimewahi kuogopa mambo kadhaa maishani, na jioni ile niliogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa.

"Sikumbuki vizuri, mama," nikamwambia.

Akaketi. Akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa. "Lakini si ulikuwa unarekodi? Na yeye si alikuwa anakaa pembeni yako?"

"Alikuwa."

"Basi yumo."

Sikuwa na moyo wa kumwambia habari za kitufe. Nilijidanganya kwamba lazima mahali fulani nilisinzia, kidole kikachelewa, kipande chake kikapita. Tukatoa sanduku. Kila siku akitoka shule, akishakula, tulikaa na redio mezani, na yeye akiwa na daftari la mazoezi kama anasahihisha kazi za wanafunzi. Aliandika namba ya kaseti, na mbele yake akaandika alichosikia. Kaseti ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya kumi na moja, safi. Zamani neno lile lingenivimbisha kichwa. Sasa nililiona likishuka ukurasa mzima kwa mwandiko wake mzuri na nikatamani kumnyang'anya kalamu.

Ilikuwa kama kaseti ya arobaini aliponishika mkono. "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Besi inaishia, kinakuja kishindo kidogo, pa, halafu wimbo mwingine unaanza.

"Rudisha tena. Baba, mbona kila mahali ulipokata panaanza na kofi?"

"Watu wanashangilia. Kidole kilichelewa kidogo."

"Watu wanashangilia kwa kofi moja?" Akausogeza uso wake karibu na spika. "Hili la taratibu. Tena liko karibu sana. Mama mkubwa akinipokea Kalinzi anapiga hivihivi." Akakunja viganja akapiga moja, pa, na ikawa sauti ileile iliyotoka kwenye redio. "Huyu ni mama. Anaanza kusalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Watu wa ukumbi ule, wakishafika kwenye fanki, hawakuwa na habari ya kumpigia mtu makofi. Walipiga miluzi, walipiga meza, walikanyaga sakafu. Makofi yalikuwa ya mke wangu. Kila alipotaka kufungua kinywa alinipa ishara kwanza kwa viganja vyake, na mimi, mgeni wa Singida niliyekaa kwao miaka yote ile, nilisikia ishara nikabonyeza. Kama ningeajiriwa kumfuta mtu mmoja tu katika ukumbi wenye watu mia mbili, nisingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nilimweleza binti yangu yote, kanuni, kidole, kaseti nilizorekodi juu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikemea. Alifunga daftari akaenda kulala bila kuniaga, na nilijua nimestahili.

Kesho yake nilikwenda Ujiji, Kasingirima, kwa mzee mmoja aliyekuwa mkusanyaji mwenzangu. Zamani tulibadilishana kaseti na kubishana sana. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, akirekodi kwa redio aliyoiweka miguuni kwake, karibu na dramu, na kaseti zake zilikuwa chafu kupindukia. Nilikuwa nazikebehi mbele za watu. Nilimkuta barazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtu wa maji. Bado unawakataza watu kukohoa?"

Nilimweleza shida yangu. Utani ukamwisha. Akaingia ndani akatoka na boksi, akachagua kaseti, akaiweka. Ilikuwa fujo tupu, fanki inasikika kwa mbali nyuma ya vicheko. Yeye alikuwa akinyoosha kidole kana kwamba anawaona. "Huyo anayekohoa alikuwa na boti ya mizigo, kafa. Huyo anayecheka ni mke wangu mkubwa, Mungu amrehemu. Huyu anadai soda yake, wala hajaletewa mpaka leo." Nilikaa nikisikiliza wafu wa mwenzangu, wote wazima wa afya, na nikamwonea wivu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mke wangu hakuwemo. Meza yetu ilikuwa mbali na dramu.

Nilipoinuka kuaga, mzee alinizuia. "Lakini mkeo alikuja hapa na kaseti yako. Hukujua?"

"Lini?"

"Jumapili moja, wewe uko kanisani. Alikuja nayo kwenye kapu, chini ya vitambaa. Kaniambia, 'Mzee, nitolee nakala upesi, mwenyewe akirudi ataisafisha. Dada yangu wa Kalinzi anataka kunisikia.'"

Nilirudi kuketi. Kwa hiyo alijua. Jumapili zote zile alizokuwa akipita nyuma yangu na maji ya kuoga mtoto, alijua ninachokitoa kwenye zile kaseti, na hakuwahi kusema neno. Alitafuta njia yake ya pembeni, akaniachia starehe yangu. Mzee alinimiminia kahawa, sikuweza kuinywa.

Jumamosi tulipanda Kalinzi, mimi na binti yangu, kwa pikipiki mbili kutoka Mwandiga. Redio niliifunga kwa kanga kifuani, betri mpya mfukoni. Sikuwa nimekanyaga kule tangu ugomvi wa mtoto, na njia nzima nilikuwa najipanga nitamwambia nini shemeji yangu, dada wa marehemu. Hakunipa nafasi ya kusema. Alitoka kwenye kahawa yake akiwa amejifunga kitenge, akapiga makofi yake, na binti yangu akapiga ya kwake kujibu, na mimi, kwa mara ya kwanza nikiwa najua ninachofanya, nikapiga yangu.

"Shemeji umezeeka," akaniambia.

"Na wewe pia, shemeji."

Akacheka, na mambo yakawa mepesi kidogo. Tulipomwambia tulichofuata hakushangaa. Kaseti aliitoa kwenye sanduku la nguo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Upande mmoja wanawe walishaurekodia kwaya. Upande wa pili aliwakataza. Redio yake ilikufa zamani, alisema, hajaisikia kaseti ile kwa miaka labda kumi na mitano, ila hakuitupa.

Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kidole kidogo, taratibu, na binti yangu akataka kunisaidia. Nikaiweka redio juu ya kigoda. Tukakaa watatu kuizunguka.

Kwanza jenereta. Kisha viti vinaburutwa, mtu anajaribu kinanda, besi inakazwa nyuzi. Halafu, karibu sana, kama yuko nasi pale uani: makofi. Matatu, ya taratibu. Kabla sijapumua shemeji alikuwa ameshakunja viganja vyake na kumjibu mdogo wake, matatu, akainamisha na kichwa. Nadhani hakukusudia. Mikono ilijibu yenyewe.

"Mwiriwe, mwiriwe," mke wangu akasema, salamu ya jioni ya Kiha.

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na alivuta mwisho wa neno kama wanavyovuta watu wa huko juu. Binti yangu aliweka mkono mdomoni. Alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe. Mama wa vitenge hakukosea. Nililia pale, mbele ya shemeji yangu, bila haya.

Mkanda ukaendelea. Anayesalimiwa akajibu kitu, wakacheka wote wawili. Kisha mke wangu akageukia mtu mwingine mezani, akaongea Kiswahili, na kicheko bado kimo sautini:

"Hebu sikia, shoga. Huyu mtoto wangu leo asubuhi kani—"

"Nyamaza basi, narekodi!"

Ilikuwa sauti ya kiume, kali, iko karibu na redio kuliko ya mtu yeyote. Ilichukua nukta kadhaa kabla sijaitambua.

"Haya," mke wangu akasema, polepole. Na besi ikaanza.

Hakuna aliyegusa redio. Tulikaa tukisikiliza fanki pale uani, kuku wanapita, kahawa imeanikwa, tukisubiri aseme tena. Wimbo wa kwanza ukaisha, akanyamaza. Wa pili, akanyamaza. Nilisikia miluzi ya watu wa mbali, lakini upande wetu wa meza palikuwa kimya kabisa mpaka mkanda ulipofika mwisho na redio ikajizima. Ni kaseti safi kuliko zote nilizowahi kurekodi, na haikusafishwa.

"Na mimi nilitaka kumwuliza," shemeji akasema baadaye, akituletea ndizi. "Nilisema akija nitamwuliza mtoto kafanya nini. Alipokuja tulikuwa na msiba wa mama, sikumwuliza."

Kipande kile tumekihamishia kwenye simu ya binti yangu. Kabla hajakichukua nilimwomba siku mbili nikitengeneze kwenye kompyuta, nitoe sauti yangu. Nilijaribu kila njia ninayoijua na nyingine nilizoelekezwa. Haiwezekani. Neno lake la mwisho na neno langu la kwanza yamekaa pamoja, nikijipunguza mimi naye anapungua, nikijifuta naye anafutika. Nikamrudishia kama kilivyo. Kwa hiyo akitaka kumsikia mama yake ni lazima anisikie na mimi nikimnyamazisha.

Anakisikiliza asubuhi akijiandaa kwenda shule. Nikiwa jikoni nayasikia makofi, nasikia mwiriwe, najisikia na mimi. Huwa nasimamisha kijiko kwenye sufuria mpaka kipite. Hajawahi kunilaumu, na kuna siku natamani angenilaumu tukamaliza.

Jumapili iliyopita alikuja kukaa nami kwenye ngazi ya nyuma, simu mkononi, akajaribu kumalizia neno lile yeye mwenyewe. "Kaniuma," akasema, akanitazama. "Kanikimbia." Akanitazama tena. "Kaniimbia. Kanificha kiatu. Kaniita kwa jina." Alikwenda hivyo kwa muda, taratibu, akisimama kila neno kuona kama uso wangu utabadilika, kama nitashtuka na kusema ndiyo, ndilo hilo, siku ile ulifanya hivyo.

Sikumbuki. Nilikuwa nasikilizia besi.